Nani Aujuaye Mji?

Msomaji mpenzi, ukisimama leo mbele ya stesheni ya reli ya Nairobi, mahali ambapo matatu husukumana kama ng'ombe mlangoni mwa zizi, itakuwa shida kwako kusadiki kwamba mwezi wa Mei 1899, reli ilipofika hapa kutoka Mombasa, palikuwa na kinamasi tu, na mto ambao Wamasai waliuita kwa jina la maji baridi. Mahema ya wajenzi wa reli yamegeuka mji mkuu, na hesabu ya mwaka 2019 ilikuta humo watu zaidi ya 4,300,000. Habari hizo umefundishwa mara nyingi, nami sikusudii kukuchosha kwa kuzirudia. Nakusudia kukuuliza swali ambalo vitabu vya historia aghalabu hulipita bila kugeuza shingo: katika miaka hiyo yote, ni nani aliyekuwa akiujua mji huu? Walioupanga walimwuliza nani habari zake?

Usidhani swali hili ni la mchezo. Mtaa unaojulikana huletewa bomba la maji, taa, shule na zahanati. Mtaa usiojulikana huletewa tingatinga.

Serikali ya kikoloni haikukosa wachunguzi. Tauni ilipozuka mwaka 1902 soko la Wahindi lilitiwa moto ili kuufukuza ugonjwa. Mwaka 1913 akaja Profesa William Simpson, daktari mwenye sifa kubwa katika mambo ya usafi wa miji, akatembea, akatazama, akashauri kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae mbalimbali kwa ajili ya afya. Aliutazama mji kama daktari atazamavyo jipu, na jipu haliulizwi maoni yake. Vijiji vya Waafrika vilivyokuwa vimeota pembezoni mwa mji vilivunjwa kimoja baada ya kimoja. Kileleshwa, ambayo leo ni makao ya watu wenye nafasi, ilikuwa miongoni mwa vijiji hivyo. Pangani ya zamani iliondolewa katika miaka ya 1930, na wengi wa watu wake wakaelekezwa Pumwani. Mwaka 1948 wataalamu watatu kutoka Afrika Kusini walitoa kitabu kikubwa cha mpango wa Nairobi kuwa mji mkuu wa koloni. Ramani zake ni za kupendeza kweli. Ukizikunjua utaona viwanja, njia pana na majengo ya serikali, lakini mama wa Pumwani anayepanga foleni ya maji hutamwona.

Naomba sasa ugeuze uso upande wa machweo ya jua, kwa kuwa huko ndiko insha yangu inakokwenda. Toka katikati ya mji kwa njia ya Ngong, utafika Kibera. Shika njia ya Kawangware, au ile ya Waiyaki iendayo Kangemi, utaona mitaa ya mabati iliyobanwa ubavuni mwa mitaa ya bustani na kuta ndefu. Mgeni huiona mitaa hii kuwa namna moja, na hapo ndipo kosa la kwanza huanzia. Kibera ilianza kwa askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles, waliopewa pori la kukaa tangu mwanzo wa karne ya 20, na mwaka 1918 eneo la eka 4,197 likatangazwa rasmi kuwa la jeshi. Walikaa bila hati, wakazaa na kuzikana hapo. Hati ya eka 288 walikuja kuipokea mwezi wa Juni 2017. Sehemu kubwa ya Kibera imebaki kuwa ardhi ya serikali, na mwenye kibanda hana karatasi ya kiwanja. Kawangware na Kangemi, kwa upande mwingine, zilikuwa mashamba ya watu katika nchi ya Kiambu kabla ya mipaka ya mji kupanuliwa wakati wa uhuru, na viwanja vyake vina wenyewe. Kwa hiyo bomba likikosekana Kibera, utaambiwa hakuna mwenye ardhi wa kuandikiana naye. Likikosekana Kangemi, utaambiwa mwenye ardhi yupo lakini hataki. Shida moja, sababu mbili. Mtu akiandika dawa moja kwa mitaa yote miwili, lazima mgonjwa mmoja azidiwe.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 mabwana wa zamani waliondoka maofisini, lakini mazoea yao yalibaki juu ya meza. Mwezi wa Mei 1990 kijiji cha Muoroto, karibu na kituo cha mabasi ya mashambani katikati ya mji, kilivunjwa kwa nguvu. Kabla ya mwaka kwisha, Kibagare, iliyo upande wa magharibi karibu na Loresho, ilipatwa na yaliyoipata Muoroto. Watu wapatao 30,000 waliachwa bila makao katika mikasa hiyo miwili. Zingatia neno hili, msomaji: ofisi iliyotoa amri ingeweza kusema kwamba mahali pale hapakuwa na mji, kwa sababu katika ramani zake hapakuwa na kitu. Ni nani angebisha? Waliofukuzwa hawakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba walikuwako.

Kutokana na machungu ya namna hiyo, mwaka 1996 wakazi wa mitaa ya mabanda walianzisha umoja wao, wakauita Muungano wa Wanavijiji. Jina hili hunifurahisha kila nilisikiapo. Serikali iliwaita wavamizi, magazeti yakawaita watu wa mabanda, wao wakajiita wanavijiji, yaani watu wenye kwao. Baada ya miaka michache wanasheria waliokuwa wakiwatetea mahakamani, miongoni mwao Bibi Jane Weru, waliona kwamba kesi peke yake haitoshi. Kesi huzuia tingatinga kwa mwezi au kwa mwaka, lakini haileti choo. Shirika la Pamoja Trust likaundwa mwaka 2000, na macho yakaelekezwa ng'ambo ya bahari, Bombay, ambayo sasa huitwa Mumbai.

Huko, mwaka 1985, mahakama kuu ya Uhindi ilikuwa imetoa hukumu iliyoiruhusu serikali ya mji kuwaondoa watu waliojenga vibanda kando ya barabara, mradi wapewe notisi. Wanawake wa vibanda vile, wakisaidiwa na shirika la SPARC, hawakungoja nyundo. Walijihesabu wenyewe, jamaa zaidi ya 6,000, wakaandika wametoka wapi, wanafanya kazi gani na wanalipwa nini. Kitabu chao kilipewa jina lenye maana ya Sisi Tusioonekana. Ikadhihirika kwamba watu walioitwa wazururaji walikuwa wafagizi, wapagazi na watumishi wa majumbani, ambao bila wao mji ungelala njaa na uchafu. Linganisha na kazi ya Bwana Charles Booth wa London, aliyeanza mwaka 1886 kupaka rangi ramani za mji wake kwa kadiri ya umaskini wa kila njia. Booth alikuwa mtu mwema na mwenye bidii isiyo kifani. Hata hivyo njia za watu maskini kabisa alizipaka rangi nyeusi, na pembeni akaeleza kwamba wakaaji wake ni waovu na nusu wahalifu. Sidhani kama wao wenyewe wangalijiandika hivyo.

Wanavijiji wa Nairobi walijifunza kazi hiyo, wakaifanya Huruma mwaka 2001 pamoja na maofisa wa baraza la mji. Huruma iko mashariki, si magharibi, lakini siwezi kuiruka kwa sababu hapo ndipo mfano ulipowekwa. Kazi yenyewe huenda hivi. Kwanza watu hukutana na kubishana kuhusu maswali: lipi liulizwe, lipi ni la kumwaibisha mtu. Kisha vijana na akina mama wa palepale hufunzwa, milango hutiwa namba, vibanda hupimwa kwa futi, na kila mlango huulizwa. Baadaye hufuata jambo ambalo mimi naliona kuwa ndilo kiini: orodha huletwa mbele ya watu wote, na kila mmoja hupewa nafasi ya kusema, "Jina langu limesahauliwa," au, "Huyu hatumjui hapa." Takwimu za serikali hazijapata kusomwa mbele ya waliohesabiwa na kusahihishwa nao. Za wanavijiji husomwa na kusahihishwa.

Usinielewe kwamba watu wa mabanda ni malaika. Mtu akisikia kwamba nyumba zitagawiwa kwa orodha, humwita ndugu yake kutoka mashambani aje alale kwake siku ya kuhesabiwa. Wenye vibanda nao huogopa hesabu kuliko moto. Uchunguzi wa mwaka 2004, uliochapishwa na Benki ya Dunia, ulionyesha kwamba katika kila jamaa 100 za mitaa ya mabanda ya Nairobi, 92 ni wapangaji. Mwenye vibanda kumi anayekaa mtaa mwingine hapendi wapangaji wake wajulikane kwa majina, kwa maana ajulikanaye huanza kudai haki. Huruma walizungumza kwa miezi mingi mpaka wenye vibanda na wapangaji wakakubaliana kugawana, na tangu mwaka 2003 nyumba za mawe zikaanza kupanda katika kijiji cha Kambi Moto, ambacho jina lake latosha kueleza kilivyokuwa kikiungua. Mahali pengine mazungumzo kama hayo yalivunjika.

Turudi Kibera. Hadi mwaka 2009 mtu akifungua ramani ya Nairobi aliona doa tupu mahali pa Kibera, kama kwamba ni msitu. Watu walisema kwamba humo mna watu 1,000,000, na maneno hayo yalizunguka dunia, kwa kuwa hesabu kubwa huwafaa wengi: mwanasiasa hupata kura za kujivunia, na mwenye shirika hupata fedha za kuomba. Mwezi wa Oktoba mwaka huo wageni wawili, Mikel Maron na Erica Hagen, walikuja na wazo jepesi. Vijana 13, mmoja kutoka kila kijiji cha Kibera, walipewa vyombo vidogo vinavyopokea ishara za satelaiti, wakaambiwa waandike vitu vilivyo katika vijiji vyao. Hawakuhitaji kiongozi. Walitembea Kianda, Gatwekera, Lindi, Laini Saba, Silanga na kwingineko, wakaandika vyoo, mabomba, zahanati, shule, makanisa, misikiti na taa za njiani. Baada ya majuma machache doa tupu lilikuwa limejaa majina. Kazi hiyo ikaitwa Map Kibera. Hesabu ya serikali ya mwaka 2009, iliyotangazwa mwaka uliofuata, ilikuta Kibera watu 170,070. Wengi walikasirika, wengine wakacheka. Kwa maoni yangu, katika kubishana kuhusu ukubwa wa hesabu hiyo watu walisahau kwamba hata 170,070 ni watu wengi mno kukosa vyoo.

Nimetaja vyoo mara ya pili, nawe pengine unaona si jambo la kuandikwa katika insha ya wanafunzi. La, vumilia kidogo. Ofisa akiulizwa kama mtaa una choo, hutazama orodha yake na kujibu kwamba kipo. Mwaka 2010 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti iliyojengwa juu ya maneno ya wanawake wa mitaa ya mabanda ya Nairobi, na wanawake hao walieleza lisiloandikwa katika orodha yoyote: choo kipo, lakini kiko mbali, njia haina taa, na mwanamke akitoka usiku hujitia hatarini kushikwa kwa nguvu. Kwa hiyo hutumia mfuko wa plastiki ndani ya nyumba, na mfuko ule hutupwa gizani. Wageni waliuchekea mfuko huo kwa miaka, wakadhani ni uchafu wa tabia. Kumbe ulikuwa ni hofu. Hakuna kipimo cha futi kingeweza kuuvumbua ukweli huu, wala choo kilichojengwa mahali pasipofaa kingeweza kuuondoa.

Vivyo hivyo maji. Mabomba ya plastiki yaliyolazwa ardhini hupita katika mifereji ya maji machafu, hukatwa usiku na wauza maji, na uchafu huingia penye tundu. Shirika la SHOFCO, lililoanzishwa mwaka 2004 na Kennedy Odede, kijana aliyekulia Kibera, lilikuja kuyapandisha mabomba juu ya nguzo, yakapita hewani juu ya mapaa ya mabati. Anayepita hushangaa kuona maji yakipita juu kama nyaya za stima. Mwenyeji hashangai, kwa sababu anajua ni nani hukata bomba la chini na kwa saa gani.

Hapa naona ni wajibu wangu kuwatetea kidogo wataalamu, maana insha hii yaweza kukufanya uwadharau, nami sitaki. Mwenyeji hajui kila kitu. Mama hujua kwamba mtoto wake amekufa. Hawezi kujua kwamba katika mtaa wake watoto hufa zaidi kuliko kwingine. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2000 na kituo cha utafiti cha APHRC, kwa kubisha hodi katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, ulikuta kwamba katika watoto 1,000 waliozaliwa, 151 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano, ilhali hesabu ya Nairobi nzima ilikuwa kama 62. Zamani ilidhaniwa kwamba mtoto wa mjini yu salama kuliko wa shamba. Watoto wa Lavington na wa Kawangware walikuwa wamechanganywa katika hesabu moja, na afya ya hao wa kwanza ikaficha makaburi ya hao wa pili. Aliyeyafunua ni mtaalamu, lakini mtaalamu aliyekubali kutoka ofisini na kuingia vichochoroni.

Katikati ya mji nako kuna mfano. Mamia ya maelfu ya watu huingia humo kwa matatu kila asubuhi, wakishuka kutoka ile ya 46 ya Kawangware au ya 8 ya Kibera, lakini kwa miaka mingi hapakuwa na ramani ya njia hizo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na vyuo viwili vya Marekani, walipanda matatu wakiwa na simu mikononi, wakaandika kila kituo, na mwezi wa Januari 2014 ikatolewa ramani ya njia zaidi ya 130. Serikali ya mji ikaikubali kuwa ramani yake. Ni kazi njema, lakini hata hiyo iliacha jambo nje. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo mwanamke mmoja alishambuliwa na kuvuliwa nguo katika kituo cha matatu mjini, kwa kisingizio cha mavazi yake. Wanawake waliandamana kwa mamia. Mmoja wa waliopanga maandamano hayo alikuwa Naomi Mwaura, ambaye tangu hapo amekuwa akikusanya habari za wanawake wasafiri na za wafanyakazi wa matatu, ili vituo na magari vitengenezwe kwa kufuata habari hizo. Sheria iliyopitishwa mwezi wa Desemba mwaka huo ilimwekea mtu wa kuvua mwenziwe nguo kwa nguvu kifungo kisichopungua miaka kumi. Ramani ilijua kituo kiko wapi. Wanawake walijua kuna nini kituoni saa moja ya usiku.

Katiba ya mwaka 2010 imeandika, katika Ibara ya 43, haki ya kila mtu kupata afya, makao, maji safi na usafi wa mazingira, na Ibara ya 10 imetaja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa misingi ya utawala. Kwa hiyo kuulizwa si hisani tena. Lakini kuuliza ni ufundi, nami niliuharibu nilipoujaribu.

Nafundisha katika chuo cha walimu. Mwaka mmoja niliwachukua wanachuo wangu tukaenda Kangemi kutafuta sababu ya watoto kuchelewa shuleni na kulala darasani. Maswali tuliyatunga wenyewe chumbani, tukiwa na chai mezani, na la kwanza lilikuwa kama mzazi anathamini elimu. Siku nzima tulijibiwa ndiyo, ndiyo. Jioni tulifika kwa mama mmoja aliyekuwa akikaanga mandazi mlangoni pake. Alisikiliza swali, akageuza mandazi yake, akaniambia, "Mwalimu, wewe ni wa tano kuja na karatasi. Wale wanne walikwenda nazo, sikuona zilipofika. Nawe waniuliza kama naipenda elimu. Mbona huniulizi maji hutoka saa ngapi?"

Nikamwuliza. Akasema hutoka mara mbili kwa juma, saa tisa ya usiku, na hukatika kabla ya mapambazuko. Anayeshika foleni ni mtoto, kwa sababu mama saa hiyo anakanda unga. Kila nyumba tuliyorudi siku iliyofuata ilitupa habari hiyohiyo, pamoja na nyingine ambazo hatukuziota: mahali bomba lilipovunjika, mlinzi gani hufunga lango, ni siku gani mwalimu huchapa wachelewaji.

Tulichora ramani ya mabomba na saa zake. Baada ya miezi miwili niliirudisha kwa mama yule, maana maneno yake kuhusu wale wanne yalikuwa yameniingia. Alifuta mikono kwenye kanga, akaiweka karatasi juu ya meza ya mandazi, akaifuata njia kwa kidole, polepole, mpaka akafika kwake. Kisha kidole kikarudi nyuma kidogo kikasimama. "Hapa mmekosea," akasema. "Bomba hili halina maji tangu Pasaka." Akaomba kalamu.